Ndoo Nilizozitoa Kwenye Picha za Tembo

Shaibu mwanangu,

Salamu tumepeana mchana kutwa, na kesho asubuhi tutapeana nyingine pale njia panda, kwa hiyo karatasi hii haitabeba salamu. Nimekaa barazani na daftari lako la zamani la jiografia, lile ulilolipenda mpaka ukaacha nusu ya kurasa zake nyeupe. Wewe uko kwa kinyozi. Ukirudi ukiniuliza naandika nini, nitasema orodha ya dukani.

Mambo ya kula, kufua na kulala mapema siyaandiki. Una miaka ishirini na miwili. Ukitembea mjini na shati chafu, aibu ni yako na ya sabuni yako. Nataka kukuambia jingine, na nimelizungukia tangu juzi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Unakwenda Mkomaindo, pale Masasi mjini, kwa mjomba wako Rashidi, ndugu yangu wa tumbo moja, kumshikia kamera katika kazi yake ya watalii wa tembo. Ijumaa hii hii mtarudi naye hapa kijijini, kwa sababu mkutano wa kijiji utaamua kama wanawake tufungiwe moja kwa moja visima vya korongoni, ili pabaki mahali pa tembo na wageni wake. Ushahidi mkubwa wa mjomba wako ni picha zilizo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Unajua vizuri kwamba picha zile nilizipiga mimi. Lakini namna zilivyopigwa unaijua nusu, na sitaki uvuke kizingiti cha nyumba ile ukiwa na nusu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Wewe umezaliwa huku bondeni, ambako ukifukua mchanga unapata maji. Mimi na mjomba wako tumekulia juu, Mnyambe, ambako unaweza kuchimba mpaka ukazeeka na vumbi likawa lile lile. Maji tulikuwa tunayafuata chini ya genge, kwenye chemchemi inayotoa kidogo kidogo, halafu tunapanda nayo kichwani. Kwa kuwa yalitoka polepole, watu hawakusimama foleni, zilisimama ndoo. Ukifika unaweka ndoo yako nyuma ya ya mwisho, unakwenda kutafuta kuni, au kunyonyesha, au hata unarudi nyumbani kulala. Ndoo ipo, basi na wewe upo. Hakuna aliyethubutu kuisogeza. Kugusa ndoo ya mtu kulikuwa sawa na kumshika mtu mwenyewe mabega ukamsukuma.

Siku moja Rashidi, akiwa na miaka tisa hivi, alichoka kungoja. Akaitoa ndoo ya bibi mmoja jirani yetu, akaweka yetu mahali pake. Nilikuwa naye, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimwona. Bibi yako, mama yetu, alipopata habari hakutupiga. Alituamuru tumchotee yule bibi maji juma zima, na kila tukifika mlangoni kwake tuombe radhi ndoo zikiwa bado kichwani, kabla hajaturuhusu kutua. Siku ya tatu Rashidi alilia njiani, shingo imemuuma. Nikamimina nusu ya maji yake kwenye ndoo yangu ili aweze kupanda, na tulipofika nikasema sote tumebeba sawa. Nakuambia hivi ili ujue mjomba wako hakosi elimu ya jambo hili. Tulifundishwa siku moja, njia moja, na mama mmoja. Na ujue pia kwamba kumbebea mzigo wake nilianza zamani.

Baba yako alipofariki ulikuwa unaingia darasa la pili. Shamba la korongoni likabaki langu peke yangu, mahindi na mihogo, nyani asubuhi, nguruwe jioni, na kiangazi kikikaza, tembo wanaovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Lile dungu alilolijenga baba yako la kulindia shamba likawa ndiyo ofisi yangu, nakaa juu na debe langu la kugonga. Rashidi alitutazama, sitamnyima haki yake. Sare zako, madaftari yako, bati hizi zinazopiga kelele mvua ikinyesha, mkono wake umo. Mwaka ule tembo walipolala kwenye mahindi yangu mpaka hayakubaki hata ya mbegu, mtendaji wa kijiji akaniambia kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa hakiombwi bila picha. Rashidi ndiye aliyeniletea simu ya kupangusa. Nikapiga mabua yaliyolala, nikapiga nyayo, nikapiga na mavi yao, maana niliambiwa nisiache kitu. Kisha alasiri moja nikiwa juu ya dungu nikawapiga wenyewe.

Unaikumbuka picha ile. Tembo watano wamezunguka dimbwi, na nyuma yao, kwenye ukingo, ndoo kumi na moja zimejipanga. Mtoto wa tembo ametumbukiza mkonga kwenye ndoo ya buluu ya Mama Zuhura. Dimbwi lenyewe tulilifukua sisi kwa mikono na sahani za bati, kama tunavyofukua kila kiangazi. Asubuhi tunachota sisi, alasiri wanakuja wao wananusa maji yetu, wanapanua shimo kwa miguu, wanakunywa, wanakwenda zao. Kesho yake tunakuta maji mengi ila machafu, tunangoja yatulie. Ndoo tulikuwa tunaziacha pale pale usiku kucha zitushikie zamu. Hatukuwahi kugombana nao hapo. Vita vyetu na tembo vilikuwa shambani tu.

Rashidi akairusha picha ile mtandaoni kwenye ukurasa wake, akanipigia simu siku ya pili anapumua kama aliyekimbizwa.

"Shikamoo dada. Watu wamelaiki mpaka basi! Nipigie nyingine. Ila zile ndoo, dada."

"Marahaba. Ndoo zimefanya nini?"

"Zinaharibu. Watu wanataka pori. Wakiona ndoo wanaona shida za watu, wanapita."

Wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kukata picha kwenye simu. Usijilaumu, nilikuomba mwenyewe. Lakini tukikata ndoo tulikuwa tunakata na miguu ya tembo, na tembo asiye na miguu, hata mimi nilimwonea huruma. Nikaona dawa ni kuziondoa ndoo kabla hawajafika.

Nikaenda kwa wenzangu asubuhi, nikawaomba. Mama Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Unajua Wamakua na utani wao kwetu.

"Nyie Wamakonde mna mambo! Kwani ndembo wanaona haya? Wanakunywa humo humo tulimochimba, leo ndoo zetu zimekuwa kinyaa?"

"Ni kwa ajili ya picha tu, Mama Zuhura. Jioni nazirudisha."

"Haya, zitoe. Lakini yangu ukiirudisha nyuma ya mtu, mimi na wewe tutapelekana kwa mwenyekiti, na uzee huu."

Wote wakakubali. Sijui kama unaelewa nilichopewa siku ile. Katika kijiji kizima nilikuwa mtu pekee anayeruhusiwa kugusa ndoo za wenziwe. Misimu miwili ya kiangazi, kila alasiri, nilishuka dunguni, nikazibeba mbili mbili nikazificha nyuma ya kichaka, na kabla jua halijazama nikazirudisha kwa mpangilio wake. Buluu ya Mama Zuhura, dumu la njano lililokatwa mdomo, ndoo ya bati yenye kiraka cha lami, nyeupe isiyo na mpini. Nilizijua kama ninavyojua kusoma Fatiha. Sikukosea hata mara moja.

Na nilikuwa na furaha, Shaibu. Usidhani nililazimishwa. Nilijifunza kuegemeza viwiko kwenye mti wa dungu ili simu isitetemeke. Nilijifunza kungoja mpaka yule jike mkubwa atulize masikio, maana akiyapiga piga ana wasiwasi, na tembo mwenye wasiwasi hapendezi picha. Nilijua upepo ukitoka kwangu kwenda kwao nisijisumbue. Nilijua saa ambayo vumbi la miguu yao linakuwa jekundu. Maisha yangu yote nimefanya kazi zinazoonekana zisipofanywa, na hii ilikuwa ya kwanza kuonekana ilipofanywa. Jina lililoandikwa chini lilikuwa la Rashidi, nikasema si kitu, damu ni moja. Ilikuwa kitu. Nilikuwa nakuuliza kila jioni wamesema nini, na ulikuwa unanisomea, na nilikuwa nakuomba urudie.

Unakumbuka alipoandika chini ya picha moja kwamba hapa ni mahali ambapo mguu wa binadamu haujakanyaga? Ulinisomea tukiwa dunguni. Nikakuuliza, sasa hii picha imepigwa na nani, nyani? Tukacheka mpaka nyani wenyewe wakahama mti. Ningempigia simu siku ile ile. Ningemwambia, Rashidi, futa. Lakini ulikuwa uongo unaochekesha, na wa ndugu yangu, nikauacha ukae. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Mimi nimeshika debe la kufukuzia nyani miaka kumi na tano na sikuikumbuka methali hiyo ilipohitajika.

Sasa nakuja kwenye nusu usiyoijua.

Mwaka jana, kiangazi kilipoanza, ulikuwa chuoni Mtwara. Rashidi alikuwa amepata wenzake wenye fedha, wanataka kuweka mahema ya wageni hapo ukingoni. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Siku moja kabla yake alikuja hapa, akaniletea sukari na doti ya kanga, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Akaniambia, "Dada, Shaibu akimaliza chuo namchukua. Nampa kamera ya maana, si hizi simu. Mpwa wangu ndiye mrithi wangu, nitampa nani mwingine?" Nililia kwa furaha, nakuapia. Kila mjane anaomba kusikia maneno hayo. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akaongeza, "Na kesho kwenye mkutano huna haja ya kusema kitu. Wewe tulia tu."

Nikasema sawa.

Kesho yake picha zangu zilikuwa zimechapwa kubwa kama milango, zimebandikwa kwenye ukuta wa darasa. Nilipoingia nilijisikia fahari kwanza, hilo nalikiri. Kisha Rashidi akasimama, akasalimu wazee vizuri, akasema, "Ndugu zangu, angalieni kwa macho yenu. Hizi ni picha za misimu miwili. Mnaona ndoo? Mnaona kisima cha mtu? Hapa ni mahali pa wanyama toka asili. Mama zetu hawa wanapita tu, na mtu anayepita anaweza kupita pengine."

Nilihisi baridi kwenye meno. Alizungumza kwa sauti ile ile ya kuniambia shikamoo. Hakunitazama, na kwa kutonitazama nikajua kwamba alijua. Hakuwa amepitiwa wala kudanganywa na wenye fedha. Mtoto aliyelia na ndoo kichwani kwenye genge la Mnyambe alikuwa amesimama pale anauliza watu kama wanaona ndoo, na aliyezitoa ni dada yake, kwa maombi yake.

Mama Zuhura akanyanyuka. Huyo ni mwanamke aliyekupokea ulipozaliwa, aliiona sura yako kabla yangu. Akasema, "Ndoo zilikuwepo. Mama Shaibu alikuwa anazitoa ili apige picha, na sisi tulimruhusu. Mama Shaibu, simama useme."

Nikasimama. Nikawaza shule yako, kamera yako, neno lile mrithi. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Nilisema hivyo, mwanangu, mimi niliyejua mpangilio wa ndoo kumi na moja. Nikakaa. Mama Zuhura alibaki amesimama kidogo, anasubiri labda nitaendelea, kisha naye akakaa.

Wakaamua korongo lifungwe kwa muda, yaliyobaki yaamuliwe mkutano ujao, ambao ndio huu wa Ijumaa. Ikawekwa kamba na mlinzi. Tangu hapo wanawake wanakwenda mtoni Ruvuma kwa makundi, mmoja anapiga maji kwa mti ili mamba wasogee, wengine wanachota haraka. Kabla ya Ramadhani mamba alimnasa Zuhura kanga. Zuhura alimwachia mamba kanga hiyo akatoka na uhai wake, na mpaka leo hasogei majini, anachotewa. Bomba la shule likitoa maji tunakimbilia huko, na huko nilikwenda siku moja nikaweka ndoo yangu kwenye mstari nikaenda kununua chumvi. Niliporudi niliikuta nje ya mstari, imefudikizwa. Wanawake wote walikuwa wanaongea habari za korosho. Sikumuuliza mtu. Niliichukua nikarudi nyumbani nayo tupu.

Uliporudi likizo ukaniuliza kwa nini Mama Zuhura hapiti tena kwetu. Nilikuambia ni wivu, wanatuonea kijicho kwa ajili ya mjomba wako. Nilikudanganya. Ukamnunia yule mama miezi hii yote kwa sababu yangu, ukapita mlangoni kwake bila shikamoo, na yeye hakuja kukusahihisha.

Ile safari yangu ya Masasi, niliyokuambia nakwenda kupimwa macho, nilikwenda kwa mjomba wako. Macho yangu ni mazima. Alinipokea vizuri sana. Aliinuka, akanipa shikamoo yangu, akamtuma mkewe soda, akauliza mguu wangu unaouma. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikamwambia, "Rashidi, umenifanya nini?"

"Dada, mimi sikusema uongo pale. Niliuliza watu kama wanaona ndoo. Ulisikia nikisema hazikuwepo?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nizitoe."

"Nilikuambia zinaharibu picha. Waliokuruhusu kuzitoa ni wao." Akanijazia soda. "Dada yangu, mimi nimekusomeshea mtoto. Sikukudai, wala sitakudai. Lakini usije hapa ukaniita mwizi. Tembo hawa watatulisha sote, wewe kwanza. Au hutaki tena Shaibu aje?"

Nikanywa soda. Nikamwambia mguu unaendelea vizuri. Nikarudi.

Njia nzima nilikuwa nikitafuta hasira ya kumpa, na kila nikiishika naona nusu yake ni yangu. Lakini ile nusu nyingine ni yake, na sitaisamehe kwa kuwa tu alinijengea nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hivyo hawakusema nguo yenyewe inaweza kuwa ya sikukuu. Ameniumiza kuliko mtu yeyote aliye hai. Mtu baki angechukua picha zangu tu. Yeye alichukua jinsi ninavyompenda, na jinsi ninavyokupenda wewe, akavitumia kunifunga mdomo, na tena alijua vitatosha.

Utauliza kwa nini basi sikukuzuia kwenda. Ulikuwa umeshafunga begi kabla sijapata maneno. Na mjomba ni mjomba, kwetu sisi ana haki kwako ambayo siwezi kuifuta kwa sababu nina aibu. Zaidi ya hayo una mkono. Nimeziona picha zako za wavunaji wa korosho. Ni nzuri kuliko zangu, na ninasema hivyo kwa uchungu kidogo. Kamera ya maana itakufaa. Ninachojua mimi kuhusu kazi hiyo ni kidogo: ukiwa unaangalia kilichomo kwenye picha, kuna mtu ananufaika na kisichokuwemo, na mara nyingi atakuomba kwa upole, atakuomba kitu kidogo kama kusogeza ndoo. Sikuambii umkatalie kila anayekuomba. Muulize tu ya nini. Mimi sikuuliza, niliona aibu kuonekana mshamba.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Leo baada ya swala ya adhuhuri nilikwenda kwa mtendaji na simu ile ya zamani, ile uliyoniambia nifute picha kwa sababu imejaa. Sikuwahi kufuta. Za mwanzo, kabla sijaanza kuzitoa ndoo, zimo zote, pamoja na nyingine za siku ambazo tembo walifika kabla sijazitoa. Tarehe zake zimo. Mtendaji amezihamisha, amenipa karatasi nikaandika jina langu kamili, na nimeandika kwamba Ijumaa nitasimama kusema kwa mdomo wangu.

Kisha nikaenda kwa Mama Zuhura. Hakunikaribisha ndani, na sikutegemea. Nikampa simu mlangoni. Aliitazama ile picha ya mtoto wa tembo muda mrefu, akaikuza kwa vidole mpaka ikabaki ndoo peke yake.

"Umechelewa, Mama Shaibu," akasema.

"Nimechelewa."

"Na mwanao kesho anakwenda kwa Rashidi?"

"Anakwenda."

"Anajua?"

Nikasema hapana. Akanirudishia simu. Akaniambia, "Basi mwambie. Usimtoe na yeye bila kumwambia." Akaingia ndani kwake.

Kwa hiyo nakuambia. Mjomba wako hajui bado. Atajua Ijumaa mbele ya watu, na wewe utakuwa pembeni yake na kamera yake mkononi. Nadhani hatakuweka tena nyumbani kwake baada ya hapo. Nilifikiri ningoje mpaka uzoee kazi, upate jina, ndipo niseme. Lakini mpaka wewe uzoee, kamba ile itakuwa imekuwa ukuta, na Zuhura ataendelea kuchotewa maji na mama mwenye magoti mabovu. Nimeichagua Ijumaa nikijua inaweza kukuvunjia ulichokiota. Hukuulizwa. Ukisema nimekusaliti, sitabishana nawe, maana najua neno hilo lina ladha gani na siwezi kukuambia si lenyewe.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ya begi lako, si chini, ili uisome kabla gari la Masasi halijafika. Una siku tatu za kukaa na mjomba wako na jambo hili kifuani. Unaweza kumwambia. Akijua mapema ana watu wa kuwapigia simu, mkutano unaweza kuahirishwa, picha zangu zinaweza kupotea kwenye droo ya mtu. Najua hivyo, na bado sikuombi unyamaze. Niliwahi kuombwa kunyamaza na mtu ninayempenda, akiwa anavaa viatu mlangoni, na sitamfanyia hivyo mwanangu mlangoni kwangu.

Ukimwambia, utakuwa umemwambia. Ijumaa nitakwenda hata kama ukuta wa darasa utakuwa mtupu na mkutano utakuwa wa watu watatu. Nitawataja wenye ndoo mmoja mmoja, kuanzia wa mbele mpaka wa mwisho, na nitasema nani alizitoa. Ukinikuta nimesimama pale, usijisumbue kuangalia chini kwa ajili yangu. Nitakuwa nakuangalia.

Mimi mama yako.